Kuchanganya metali jikoni: ipi itawale, ipi isindikize?

Seremala wa Kamalondo

Nawasalimu nyote, akina baba na akina mama. Ninatengeneza makabati ya jikoni hapa Lubumbashi, na sasa ni mwaka wa kumi na tisa. Hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko hili: sinki ni la inoksi, yaani chuma kisichoshika kutu, bomba ni la kromu, mama wa nyumba ameona kwenye simu vishikio vya rangi ya dhahabu, je, vitapatana? Nimelijibu nikiwa juu ya ngazi na skrubu zikiwa mdomoni, nimelijibu njiani, nimelijibu hata msibani, ndipo nikaona afadhali nilijibu mara moja kwa kirefu, na wenye ujuzi kunizidi wanisahihishe.

Kwanza tuiondoe hofu. Wengi huamini kwamba jiko zuri ni lile ambalo kila kinachong'aa kinafanana, kuanzia bomba hadi bawaba. Lakini ingia jikoni kwa mama yako uhesabu: sufuria za alumini, vijiko vya inoksi, bomba la kromu, kitasa cha mlango cha letoni, yaani ile shaba ya manjano iliyochanganywa na zinki, na nje uani mbabula, yaani jiko la makaa, iliyokatwa kutoka kwenye pipa la chuma. Huyo mama amekwisha kuchanganya metali tano bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa hiyo mnapouliza kama inafaa kuchanganya, mmechelewa. Kinachobaki ni kujua ipi itatawala.

Mimi huwaeleza wateja wangu kwa sahani. Bukari, yaani ugali, hujaza sehemu kubwa, sombe, yaani kisamvu, hukaa pembeni kwa kiasi chake, na pilipili huwekwa ukingoni. Hakuna anayeshangaa kwamba sahani moja ina vitu vitatu, lakini ukijaza sahani kwa pilipili hakuna atakayekula. Metali inayotawala huwa ni ile iliyo kwenye vitu vikubwa ambavyo hutavibadilisha kesho, yaani sinki, jiko la umeme au la gesi, friji, na kivuta moshi kama unacho. Kwa nyumba nyingi za hapa hiyo ni inoksi, upende usipende, kwa sababu ndiyo iliyoletwa dukani.

Hapa ndipo wengi hujidanganya kuhusu vishikio. Kishikio kimoja ni kidogo kama kidole, lakini jiko la kawaida ninalotengeneza lina vishikio ishirini au zaidi, na vyote viko kwenye usawa wa macho na mikono. Ukiviweka vya letoni, jicho halioni vitu ishirini vidogo, bali huona kitu kimoja kikubwa cha manjano kilichotawanyika chumba kizima. Ndiyo maana ninasema kwamba anayechagua vishikio amechagua rangi ya jiko lake, hata kama alidhani anachagua urembo.

Jambo la pili ni undugu wa karibu mno. Kromu iliyong'arishwa ina weupe wenye ubaridi, unaoelekea kidogo kwenye kibuluu, ilhali nikeli iliyopigwa brashi ina joto kidogo, kama maziwa yaliyotiwa tone la chai. Zikiwa mbali, kila moja ni nzuri. Zikikaa bega kwa bega, bomba la kromu juu ya sinki na ndoano za nikeli sentimita ishirini kutoka hapo, mgeni atadhani fundi aliishiwa na mali akamalizia kwa alichokiokota. Tofauti ikiwa ndogo huonekana kosa, ikiwa kubwa huonekana nia. Weka kromu na letoni, au inoksi na nyeusi isiyong'aa, na hakuna atakayekuuliza.

Mimi mwenyewe nililipa ada ya somo hilo. Miaka mingi iliyopita nilifunga jiko moja katika mtaa wa Bel-Air lenye vishikio vya letoni, ndoano za nikeli, bomba la kromu, taa nyeusi na fimbo ya rangi ya shaba ya kutundikia miiko. Nilijisikia msanii. Mama mzazi wa mwenye nyumba alipoingia alitazama huku na huku, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, haya ni mabaki ya nyumba ngapi?" Tangu siku hiyo siruhusu zaidi ya metali tatu, na ya tatu huwa nyeusi, kwa sababu nyeusi haigombani na mtu.

Jambo la tatu: metali inayosindikiza ionekane walau mara mbili, tena mahali tofauti na kwa urefu tofauti. Bomba la letoni likiwa peke yake linaonekana limepotea njia. Likipata mwenzake juu, kwa mfano taa inayoning'inia yenye ukingo wa letoni, jicho huunganisha vile viwili na kuelewa kwamba ni mpango.

Ninaishia hapa kwa sasa. Semeni.

Mama wa Golf

Papa fundi, asante, lakini umesahau jambo lililotuumiza sisi wengine. Mimi nilinunua bomba la rangi ya shaba pamoja na vishikio vyake kumi na sita, kwenye duka moja la katikati ya mji ambalo sitalitaja. Muuzaji aliniapia kwamba ni mukuba mtupu, yaani shaba tupu. Baada ya miezi minane rangi ilikuwa imetoka mahali pote ambapo mkono hushika, na chini yake kukatokea kitu cha kijivu kama meno ya mtoto mgonjwa. Katika mji huu, ambao watoto wanazaliwa wakilitazama lile bomba refu la moshi na mlima mweusi wa mabaki ya kuyeyushia, mimi niliuziwa shaba ya rangi ya kupaka! Nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikakasirika.

Ninaomba mnieleze mtu afanyeje ili asidanganywe. Shemeji yangu anasema niende na sumaku, kwamba ikinasa, basi si shaba.

Mwalimu wa Sayansi

Mama, sumaku itakusaidia nusu tu, na nusu nyingine itakupotosha. Ni kweli kwamba shaba na letoni hazivutwi na sumaku. Lakini hicho cha kijivu ulichokiona chini ya rangi, kwa maelezo yako, bila shaka ni zamaki, yaani mchanganyiko wa zinki wenye alumini kidogo, magnesi na shaba. Hata jina lake lilitungwa kwa herufi za mwanzo za metali hizo katika Kijerumani. Zamaki nayo haivutwi na sumaku. Kwa hiyo sumaku itakutambulisha chuma kilichopakwa rangi, lakini mbele ya zamaki itanyamaza kama inavyonyamaza mbele ya shaba ya kweli.

Tumia uzito. Sentimita moja ya ujazo ya shaba ina takriban gramu 8.9, letoni gramu 8.5 hivi, zamaki gramu 6.6 au 6.7, na alumini 2.7 tu. Chukua mabomba mawili ya ukubwa mmoja, moja mkono huu na moja mkono ule, na mkono utajua kabla ya kichwa. Kisha omba ruhusa ya kufungua kile kichungi kidogo cha mdomoni mwa bomba utazame nyuzi za ndani. Letoni ni ya manjano hadi ndani, kwa sababu hakuna anayepoteza muda kupaka rangi mahali pasipoonekana.

Kwa inoksi, hapo ndipo sumaku ina kazi. Inoksi iitwayo 304 ina takriban asilimia 18 ya kromu na asilimia 8 ya nikeli, na kwa kawaida hainaswi au hunaswa kidogo sana kwenye kona zilizokunjwa. Ile ya 430 ina kromu ya asilimia 17 hivi lakini karibu haina nikeli, inanaswa vizuri, ni ya bei nafuu zaidi, na mbele ya chumvi na maji yaliyotuama hustahimili kidogo kuliko ndugu yake. Si bidhaa mbaya. Ubaya ni kuuziwa 430 kwa bei ya 304.

Seremala wa Kamalondo

Mwalimu amesema yaliyo sawa, nami ninaongeza la fundi. Rangi ya shaba, ya dhahabu au nyeusi kwenye bomba inaweza kuwa imewekwa kwa njia mbalimbali. Kuna rangi ya kupuliza iliyokaushwa kwa joto, kuna tabaka jembamba lililowekwa kwa umeme ndani ya maji ya dawa, na kuna ile ambayo metali hufanywa mvuke ndani ya chombo kisicho na hewa kisha ikagandishwa juu ya bomba. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo ghali. Boksi lake huwa na herufi PVD. Herufi si kiapo, lakini muuzaji asiyejua hata maana yake atakuwa amekwisha kukujibu.

Ushauri wangu kwako, Mama, ni kwamba usitumie pesa ya rangi mahali ambapo mkono wenye maji na sabuni unagusa mara hamsini kwa siku. Acha bomba liwe la kromu au la inoksi, metali ambazo zimekwisha kuzoea adha hiyo. Rangi ya shaba iweke juu, kwenye taa, kwenye fimbo ya kutundikia, kwenye ukingo wa rafu. Huko itakaa miaka bila kuchubuka kwa sababu hakuna anayeisugua.

Kuhusu nyeusi isiyong'aa, ambayo vijana wanaipenda mno, ninawaonya juu ya chokaa. Kila mwenye birika hapa mjini anaujua ule utando mweupe unaobaki chini. Utando huohuo ukikaukia juu ya bomba la kromu unafichwa na mng'ao, lakini juu ya nyeusi unaonekana kama unga uliomwagika. Mwenye bomba jeusi anapaswa kulifuta kwa kitambaa kikavu kila jioni. Kama wewe si mtu wa kufuta kila jioni, na mimi si mtu huyo, basi nyeusi ibaki kwenye vishikio.

Mtoto wa Mfua Mukuba

Nimesoma kwa heshima, lakini ninyi mnazungumza kana kwamba shaba ni rangi. Kwetu sisi shaba ni kitu. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1910, na kabla ya tanuri la kampuni ya madini ya Union Minière kumimina shaba yake ya kwanza mwaka 1911, watu wa nchi hii walikuwa wakiyeyusha malakiti, lile jiwe la kijani, kwa makala, yaani makaa ya miti, katika matanuri ya udongo wa kichuguu, na kuimimina katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilinunua vitu na ilitolewa mahari. Mitatu iliwekwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960. Jimbo lenyewe liliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997. Halafu mtu wa mji huu anaagiza kutoka ng'ambo zinki iliyopakwa rangi ya shaba!

Baba yangu alikuwa mfua shaba. Alikuwa akipiga karatasi ya shaba kwa nyundo ndogo upande wa nyuma, juu ya tandiko la lami, mpaka sura ya mwanamke mwenye mtungi itokee upande wa mbele. Mafundi wa kazi hiyo bado wapo mjini, na wengi wao wanafikiri kwamba wateja ni watalii tu. Nendeni kwao na vipimo vya jiko lenu. Karatasi ya shaba iliyopigwa nyundo, ikifunika uso wa kivuta moshi au ukuta ulio nyuma ya rafu, itawafanya wageni wasahau kutazama kama bomba linafanana na bawaba.

Na kuhusu sheria yako ya metali tatu, kaka fundi, naomba nikupinge. Jikoni kwa mama palikuwa na sinia la shaba, birika la alumini lenye mbonyeo, bomba la letoni lililokwisha kupoteza kromu yake, sinki la bati lenye enameli na meza yenye ukingo wa chuma. Ni metali nyingi kuliko unazoruhusu, lakini hapakuwa na vurugu yoyote.

Seremala wa Kamalondo

Ninalipokea pingamizi, na nimelifikiria usiku mzima. Nadhani jiko la mama yako lilipatana kwa sababu vyote vilikuwa vimezeeka pamoja. Mkono uleule, moshi uleule na kitambaa kilekile vilivipunguzia vyote mng'ao mpaka vikawa na sauti moja ya chini. Ugomvi wa metali kwa kweli ni ugomvi wa mng'ao zaidi ya rangi. Kitu kinachorudisha sura yako kama kioo, kikikaa kando ya kingine kama hicho cha rangi nyingine, vyote viwili vinapiga kelele. Ukivififisha, vinanyamaza. Kwa hiyo ninairekebisha sheria yangu hivi: anayenunua vyote vipya kwa siku moja asizidishe tatu, na kama anataka kuzidisha, basi achague vilivyopigwa brashi, vilivyopigwa nyundo au vilivyokwisha kutumika. Nimewahi kununua vitasa vya letoni vilivyotolewa kwenye nyumba za zamani zilizobomolewa, na hakuna kiwanda kinachoweza kuiga ule ulaini wa kona zilizoshikwa na watu wa vizazi vitatu.

Hilo la mafundi wa nyundo ninaliunga mkono kabisa. Mwaka jana mteja mmoja aliniomba vishikio vya droo vyenye umbo la msalaba wa Katanga, vikamiminwa hapahapa kwa shaba ya nyaya kuukuu. Havikufanana hata viwili. Nilihofia atavirudisha, lakini yeye alisema kwamba ndivyo alivyovitaka. Jiko lake lote lililobaki ni inoksi na mbao, hakuna kingine, na vishikio vile vinaonekana kama vitu vilivyofukuliwa ardhini.

Mama wa Golf

Mimi nimeshawishika na karatasi ya shaba, lakini nina maswali mawili. Je, haitageuka kijani? Na je, ipakwe vanishi au isipakwe?

Mwalimu wa Sayansi

Mama, kijani kile ambacho watu hukiona kwenye mapaa ya makanisa ya Ulaya huletwa na miaka mingi ya mvua na hewa ya nje. Ndani ya nyumba shaba hubadilika kwanza kuwa ya pinki iliyokolea, kisha ya kahawia, kisha ya kahawia inayokaribia chokoleti, na kwa kawaida huishia hapo. Kijani kitatokea tu mahali ambapo siki, ndimu au chumvi vimemwagika vikaachwa. Kijani hicho ukikiona kiondoe na usikiache kiguse chakula, kwa sababu ni sumu.

Ndimu na chumvi ndiyo dawa ya zamani ya kuirudisha shaba kwenye wekundu wake. Asidi ya ndimu huyeyusha oksidi iliyo juu, na chumvi huisaidia. Suuza vizuri kwa maji, kausha mara moja. Lakini ndimu hiyohiyo isiguse kaunta ya marumaru, maana itaila, na usisugue nayo kitu kilichopakwa tu rangi ya shaba, kwa sababu utakuwa unalipa kwa nguvu zako mwenyewe kuondoa ulichokinunua.

Kuhusu vanishi, inategemea unataka nini. Vanishi huzuia hewa, kwa hiyo rangi hubaki kama siku ya kwanza, mpaka siku vanishi itakapopata mkwaruzo; hapo hewa hupenya, na shaba huanza kubadilika kwa mabaka chini yake, jambo ambalo ni baya kutazama kuliko shaba iliyoachwa wazi ikabadilika yote kwa pamoja. Karibu na jiko, penye joto na mafuta, mimi ningeiacha wazi. Liko pia jambo la afya: mwaka 2008 mamlaka ya mazingira ya Marekani iliziandikisha aloi za shaba, yaani metali zilizochanganywa na shaba, kuwa nyuso zinazoua bakteria, lakini kazi hiyo hufanywa na shaba yenyewe ikiwa wazi. Kishikio cha shaba chenye vanishi ni kishikio tu. Na hata kilicho wazi kinasafishwa kama kawaida.

Ninaongeza moja kuhusu sufuria za shaba ambazo watu huzitundika kama pambo. Zile za kupikia hupakwa bati kwa ndani, yaani ile metali laini nyeupe, si bati la kuezekea, ili chakula chenye uchachu kama nyanya kisiguse shaba. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi. Ukiisahau sufuria hiyo tupu juu ya mbabula yenye makala yaliyowaka vizuri, utalikuta bati limejikusanya chini kama matone. Kama sufuria yako ya shaba haina bati ndani, iache ukutani.

Fundi Bomba wa Katuba

Wakubwa mmezungumza juu ya macho, nami ninazungumza juu ya ukuta, kwa sababu huko ndiko metali zinakochanganywa vibaya na hakuna anayeona mpaka maji yatoke sebuleni.

Nyumba nyingi za zamani za mji huu zina mabomba ya chuma kilichopakwa zinki. Mtu anakarabati jikoni, anataka bomba zuri la shaba lionekane juu ya ukuta kama alivyoliona kwenye picha, fundi analiunganisha moja kwa moja na lile la zinki. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji, zinafanya kama betri ndogo, na ile iliyo dhaifu zaidi ndiyo inayoliwa. Kati ya shaba na zinki, zinki ndiyo inayoliwa, na ikiisha, chuma kinafuata. Kiungo kitaanza kwa ute wa kahawia kwenye nyuzi, kisha tone, kisha msiba.

Weka kati yake kiungo maalumu kinachozitenganisha, au kipande cha bomba la plastiki lenye kustahimili maji moto. Na mwelekeo wa maji uwe huu: yapite kwanza kwenye zinki, kisha kwenye shaba. Yakipita kinyume, chembe za shaba hubebwa na maji, hukaa ndani ya bomba la zinki lililo mbele na kulitoboa mahali usipopatarajia. Nimekata mabomba ya namna hiyo, na ndani yake yalikuwa kama mti ulioliwa na mchwa.

La pili ni dogo. Akina mama wengi huloweka vitambaa kwa maji ya javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, ndani ya sinki la inoksi usiku kucha. Javeli huvunja ile ngozi nyembamba ya oksidi ya kromu inayoilinda inoksi, na asubuhi mnaona vidoa vidogo kama vya sindano, mnasema mmeuziwa inoksi bandia. Pengine si bandia. Loweka kwenye beseni la plastiki. Na msisugue sinki kwa manyoya ya chuma, kwa sababu vipande vyake vinabaki, vinashika kutu, na kutu hiyo inaonekana kana kwamba ni ya sinki.

Mpangaji wa Ruashi

Ninafuatilia uzi huu tangu mwanzo, na ninyi nyote ni watu wenye kuta zenu. Mimi nimepanga. Jikoni kwangu pana kabati moja la milango minane lililopakwa rangi nyeupe, vishikio vya kromu vilivyokwisha kuvimba kama ngozi yenye malengelenge, sinki moja la inoksi, na chakula kikubwa tunakipikia nje kwa makala umeme ukikatika. Mwenye nyumba hataki niguse kitu. Je, haya yananihusu?

Seremala wa Kamalondo

Yanakuhusu zaidi ya mwenye kuta, ndugu yangu, kwa sababu wewe unaweza kukosea kwa bei ndogo. Chukua rula, pima kutoka katikati ya tundu moja la skrubu hadi katikati ya lingine. Mara nyingi utapata milimita 96 au 128, wakati mwingine 160. Vipimo hivi hupanda kwa hatua za milimita 32, na viwanda vingi vinavifuata. Nunua vishikio vipya vyenye kipimo hichohicho, na hutatoboa tundu lolote. Vile vya zamani vitie kwenye mfuko pamoja na skrubu zake, na siku ya kuhama virudishe. Kwa kabati jeupe na sinki la inoksi, mimi ningekuwekea letoni iliyopigwa brashi au nyeusi. Nisingekuwekea kromu tena, kwa sababu hiyo kromu iliyovimba ilikuwa tabaka jembamba juu ya zamaki, na ukinunua ya bei ileile itavimba tena.

Kisha badilisha balbu. Nilipaswa kuliandika hili mwanzoni, na ninajilaumu. Balbu nyingi ninazozikuta jikoni kwa watu ni za weupe mkali, zenye alama 6500K kwenye boksi; K ni kipimo cha rangi ya mwanga, na namba ikiwa ndogo mwanga huelekea manjano. Chini ya mwanga huo inoksi inapendeza, lakini letoni inaonekana ya kijani kama mgonjwa wa homa ya manjano, na shaba inakuwa kama udongo. Weka ya 2700K au 3000K, na metali zote zenye joto zitaamka. Nimewahi kuitwa kubadilisha vishikio ambavyo mteja alisema vimeharibika rangi. Nilikwenda na balbu moja mfukoni, nikaiweka, na vishikio havikubadilishwa. Sikulipwa chochote siku hiyo, isipokuwa sahani ya bukari.

Kwa hiyo mtu yeyote anayechagua vishikio asichague chini ya taa za dukani. Achukue kimoja, arudi nacho nyumbani, akitazame asubuhi, akitazame usiku, akiweke kando ya bomba na kando ya sinki. Muuzaji akikataa kukuuzia kimoja tu, nunua viwili.

Mama wa Golf

Nimebadilisha balbu jana jioni kabla hata ya kula. Watoto waliuliza kama nimepaka rangi ukuta. Vile vishikio vilivyochubuka nimekwisha kuving'oa vyote kumi na sita, na kesho kutwa nitaonana na fundi wa nyundo kuhusu karatasi ya shaba ya nyuma ya rafu, nayo haitapakwa vanishi. Swali langu la mwisho, Papa fundi: vifuniko vya soketi na swichi je? Nimeona vya rangi ya dhahabu sokoni.

Seremala wa Kamalondo

Viache viwe vyeupe, Mama. Na ile karatasi ya shaba umwombe fundi aikate mapema matundu ya soketi, ukingo wake uwe mbali na nyaya, kwa sababu shaba inapitisha umeme kuliko metali nyingine zote tulizozitaja humu. Mwite fundi umeme azime kwanza kwenye mita kabla ya mtu yeyote kuigusa ukutani.

Mama wa Golf

Nimeelewa. Nitawaletea picha kazi ikiisha.